Udongo Uliosimama

Kila tarehe tano Bwana Twalibu
hubisha mlango wetu kwa kitako cha kalamu.
Daftari kwapani, jalada jekundu limeota manyoya,
na kabla hodi haijajibiwa ameshaandika:
Mwanamkuu binti Athumani, Majengo, kodi ya kiwanja.

Mama ana mwaka wa nne kaburini.
Bado analipa.

Nyumba ni yetu, hilo halina mgogoro.
Vyumba sita, ukumbi, baraza ya mbele,
makuti yaliyogeuka mabati
mwaka ule Shaali alipotuma fedha kutoka Doha.
Ni yetu mpaka mwisho wa msingi.
Kutoka hapo kwenda chini
ni mali ya mtu nisiyemjua kwa sura wala kwa kikohozi.
Kuna wasemao yuko Maskati. Kuna wasemao alishakufa,
na wanaotukodisha ni wajukuu wanaoshtakiana
juu ya nti wasiyowahi kuikanyaga pekupeku.

"Yaliandikwa," mama alikuwa akisema, mkono ukichambua mchele.
"Siku moja alikuja afisa na meza yake,
akauliza ardhi ni ya nani.
Wenye wino wakasema, yetu.
Wenye majembe
walikuwa shambani."

Meza ile iliondolewa zamani.
Lakini juzi nilikwenda benki,
nataka cherehani ya pili, nimwajiri binti wa jirani.
Kijana wa tai akanisikiliza vizuri, haki ya Mungu, vizuri sana,
kisha akaniuliza hati.
Nikamtajia vyumba, nikamhesabia mabati.
"Mama," akasema kwa upole,
"nyumba isiyo na kiwanja, kwetu ni hewa yenye milango."
Nikaiona: meza ni ile ile. Imepakwa rangi mpya tu.

Ng'ambo ya kichochoro ni kwa Mahfudhi.
Tulikaa mkeka mmoja chuoni, tukachapwa kwa kiboko kimoja,
na yeye ndiye aliyekuwa akininakili mimi.
Baba yake alikuwa na karatasi.
Karatasi ikazaa mkopo, mkopo ukazaa ghorofa nne,
ghorofa zikasomesha daktari wa meno na rubani.
Si mtu mbaya. Idi hutuletea nyama, tena ya paja.
Ila kivuli cha jengo lake huingia uani kwangu saa nne asubuhi
na hakitoki mpaka alasiri,
nguo za wateja hazikauki,
na hakuna daftari linalokitoza kivuli kodi.

Mwezi huu nilimngoja Bwana Twalibu na swali.
Babu yangu alipojenga, nikamwambia,
hakununua udongo. Alichimba hapa hapa nyuma,
akaukanda kwa miguu, akaukandika kwenye fito,
shimo lililobaki likawa choo.
Sasa, nti hii iliyolala ni yao, sawa.
Na hii iliyosimama?

Akavua miwani. Akautazama ukuta
pale chokaa ilipobanduka, fito za mkoko nje kama mbavu.
Akaufunua ukurasa, akaufunga.
"Hilo," akasema, "halina safu humu ndani."
Akanywa maji niliyompa, yote, kwa pumzi moja.
Viatu vyake vilikuwa vimeshonwa kwa uzi wa nyavu.
Ndipo aliponieleza, kama mtu anayetaja ugonjwa,
kwamba kwake, Kisauni,
daftari hubisha tarehe sita.

Masika huushusha ukuta, ngozi kwa ngozi.
Mimi huuzoa kwa karai, huutia maji, huupandisha kwa kiganja.
Hivi nimekuwa nikiwaibia ardhi
kila mwaka, konzi mbili tatu,
na wala hawajui.

Stakabadhi nimeitia kwenye mkebe wa biskuti pamoja na zenziwe.
Jina bado ni la mama. Sikulirekebisha.
Likibadilika jina, alininong'oneza Bwana Twalibu akitoka,
kodi itapanda.